Sanduku la Tano

12 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umeacha kukunung'unikia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Naandika nikiwa na soksi jozi mbili. Chumba changu kiko ghorofa ya nne na lifti ilikufa kabla sijahamia, kwa hiyo ukiniona leo utadhani nimekuwa mkimbiaji. Juzi nilizungumza na Mama kwa simu. Alikohoa mara mbili, kisha akajidai anacheka. Naomba uniangalizie hali yake, maana mimi hataniambia ukweli.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe husikilizi, unapaza sauti tu kana kwamba nimesimama ng'ambo ya barabara. Jambo hili nataka ulisome taratibu.

Nilishakuambia kwamba kituo chetu cha utafiti kinajaribu kutengeneza betri kwa magunzi ya mahindi, ukaniuliza kama panya ndio watakaokuwa wateja wetu wa kwanza. Basi zimekamilika. Magunzi tunayachoma kwenye tanuri lililozibwa hewa mpaka yawe makaa magumu, tunayasaga, na ndani ya vitundu vya unga ule umeme unakaa kwa msaada wa chumvi. Hakuna risasi humo, wala asidi ya kukutoboa suruali. Zitauzwa kwa theluthi ya bei ya betri unazozijua wewe, na malighafi yake ni takataka zinazochomwa mashambani.

Nakuletea masanduku matano. Yaweke mahali patano penye paneli za sola, pa watu unaowaamini. Kila asubuhi na kila jioni pima volti kwa mita yako, andika, na mwisho wa mwezi nitumie karatasi zenyewe, siyo nakala. Mkurugenzi wetu anataka mwandiko wa mpimaji. Na ninakuomba usifungue sanduku lolote. Naijua mikono yako ikiona skrubu.

Yakidumu miezi sita kwenye joto la huko, kiwanda kitajengwa karibu na nyumbani, yalipo magunzi yenyewe, na mimi ndiye nitakayekuja kukisimamia. Nitarudi, Mjomba. Mama asiambiwe kwanza, nisije nikamlaza macho bure.

Mpwa wako,
Chiriku


3 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Mgongo unauma kwa zamu, leo ni zamu ya kulia. Mama yako kikohozi kimetulia tangu nilipomkataza kufagia bila kunyunyiza maji, ingawa alinijibu kwamba mimi ni fundi wa betri, si wa mapafu. Yule kinyozi wa mkabala na karakana yangu amenunua redio mpya na sasa mtaa mzima tunasikiliza anachotaka yeye.

Masanduku yamefika salama. Ni mepesi hata nikadhani umeniletea makopo matupu. Moja nimeliweka maktaba ya shule, la pili kwa kinyozi, la tatu kwa fundi cherehani, la nne nyumbani kwa mama yako. La tano ndilo lililonipa kazi. Nimelipeleka zahanati, liendeshe jokofu la chanjo, maana betri yao ya risasi ilikuwa imezeeka. Mkunga anayeendesha zahanati ile unamjua, haamini kitu mpaka akione mara tatu. Alinihoji kama polisi. Mwishowe nikamwambia, “Limetengenezwa na mtoto niliyemlea mimi.” Hapo akanipa ufunguo wa kabati, tukaingiza sanduku, akafunga na kuuweka ufunguo kifuani. Betri yake kuukuu nimeibeba.

Nilimweleza habari za magunzi. Akasema amewahi kusikia watu wakitia chumvi kwenye maneno, lakini kwenye betri ndiyo mara ya kwanza.

Namba za wiki mbili ziko humu. Ni nzuri. Sikuficha, nilijivuna mtaani. Kila aliyeleta betri yake kuchajiwa nilimsimulia habari zako mpaka akaikumbuka safari yake.

Mjomba wako


10 Machi

Chiriku,

Hujambo huko? Sisi tuko. Joto limepamba moto, bati la karakana linalia mchana kutwa. Mama yako anakusalimu. Amehamishia kitanda chake sebuleni kufuata upepo. Fundi cherehani amepata mjukuu wa kike.

Sasa niseme lililonifanya niandike kabla ya mwisho wa mwezi. Masanduku yanachoka. Hili la maktaba asubuhi linasoma kumi na mbili na nukta tisa, kama ulivyosema, lakini jua likizama liko kumi na nukta mbili. La kinyozi ni hivyo hivyo. La mama yako limezima taa mara mbili. Yote matano yananipa sura moja, na kila wiki inazidi kidogo.

La zahanati ndilo linaloniweka roho juu. Taa ya kijani ya jokofu inageuka nyekundu kabla ya magharibi. Nilitaka kumrudishia mkunga betri ya risasi, akakataa. Anasema karatasi uliyobandika juu ya sanduku inakataza kuligusa, na kwamba aliyelitengeneza yupo na anaweza kuulizwa. Basi nakuuliza. Je, mnalijua jambo hili huko? Ni joto? Nimwambie nini?

Namba zote nimeambatanisha. Nijibu upesi.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Kazi zimenibana, kisha nikapata mafua yaliyonilaza siku nne. Jirani yangu wa chini alinipikia supu, mtu ambaye tangu nihamie hatujawahi kuzidisha salamu. Hongera kwa fundi cherehani. Mama mwambie asiwe na haraka ya kurudi chumbani wakati joto bado ni lile.

Barua yako ya Machi niliipata. Kuhusu zahanati, inawezekana wanatumia umeme kupita kiasi, au jokofu lao ni la zamani. Mwambie mkunga asilifungue fungue. Sanduku lenyewe halina tatizo la kumtia mtu wasiwasi.

Nikuambie jinsi mambo yalivyo huku. Wakubwa watakutana mwanzoni mwa Juni kuamua habari za kiwanda. Watakachosoma ni namba za kuanzia mwezi huu wa nne. Kuna wenzangu wana betri zao za maganda ya miti na wanangoja mimi niteleze. Nimefanya kazi hii miaka sita. Ikianguka sitapewa nyingine, na sijui nitakuja nyumbani na nini mkononi.

Sikuombi jambo kubwa. Nisaidie tu, Mjomba. Wewe unazijua betri kuliko sisi sote.

Mpwa wako,
Chiriku


28 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa mafua. Mama yako aliposikia ulilazwa na mafua alitaka nikutumie limau kwa posta. Nimemzuia.

Nilikaa na barua yako siku tatu. Namba za mwezi huu ziko humu. Utaona kwamba maktaba, kinyozi, fundi cherehani na nyumbani zimenyooka vizuri. Furahi.

Zahanati haijanyooka. Mkunga nilimfikishia maneno yako, kwamba anatumia umeme kupita kiasi. Alitoa daftari lake mwenyewe. Kumbe tangu Februari naye anapima, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara jokofu linapofunguliwa anaandika saa na sababu. Hafungui zaidi ya mara nne kwa siku. Nilijisikia mdogo. Nilikuwa nimempelekea mwanamke mwangalifu lawama isiyo yake, na niliipeleka kwa kuwa imetoka kwako.

Ufunguo bado anao yeye. Namba zake ni hizo hizo mbaya, na nimekuandikia kama zilivyo.

Mjomba wako


6 Juni

Mjomba wangu, mjomba wa pekee,

Shikamoo mara kumi. Leo siulizi mgongo, leo utapona kwa furaha. Wakubwa wamekubali. Kiwanda kitajengwa, na nimeteuliwa kuwa msimamizi. Septemba nipo nyumbani, na sasa Mama unaweza kumwambia. Nataka alie kidogo kwa ajili yangu.

Namba zako ndizo zilizotubeba. Mkurugenzi alizishika mkononi akasema huyu mzee ana mwandiko wa mhasibu. Ripoti imeshachapishwa. Mhandisi mmoja wa hapa, tuliyekaa naye meza moja miaka yote hii, anakuja huko kutazama kiwanja. Nimempa nakala yako, ni zawadi.

Jirani wa supu ameniuliza nani atampigia hodi nikiondoka. Nimeshaanza kugawa vyombo vyangu.

Chiriku wako


25 Juni

Mpwa wangu,

Hatujambo. Mama yako alilia kama ulivyotaka, tena siyo kidogo. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi, na nakuandikia nikiwa na moyo mwingine kabisa.

Kwanza habari ya zahanati. Tarehe kumi na saba mkunga alifungua jokofu asubuhi akakuta lina joto kama chumba. Chanjo zote zimemwagwa. Akina mama ishirini na sita walikuwa wameshafika na watoto wao, wengine wametembea tangu alfajiri, wakaambiwa warudi nyumbani wangoje wiki tatu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimebeba betri ya risasi begani, nimechelewa. Mkunga hakunigombeza. Aliniambia niiweke chini, basi.

Kisha jana mhandisi wako akaja karakana. Kijana mstaarabu, alikaa kwenye kiti changu kibovu bila kulalamika. Akanipa ripoti. Nilivaa miwani nikaisoma yote kwenye benchi, yeye akinywa soda. Nimeona jedwali. Lina masanduku manne. Linaanza Aprili. Februari haipo, Machi haipo, na zahanati haijawahi kuwepo duniani. Nilimuuliza la tano liko wapi, akaniuliza, “La tano lipi, mzee?”

Hapo ndipo akanisimulia, kwa furaha yake, kwamba namba zangu ziliwashangaza wote. Anasema mwezi wa pili wewe na yeye mliyaweka masanduku mengine kwenye tanuri la majaribio, kwa joto kama la huku, na wiki ya tatu yote yakafa. Walikuwa wamekata tamaa. Namba zangu ndizo zilizoshinda tanuri.

Mwezi wa pili, Chiriku. Barua yangu ya Machi ilipokufikia ulikuwa unajua. Nilikuuliza waziwazi kama mnalijua jambo hili, ukanijibu habari za jokofu kuukuu. Ungeandika mstari mmoja, mkunga angerudishiwa betri yake na chanjo zile zingekuwa mikononi mwa watoto. Badala yake ulinitia mchanga wa macho, mimi, na nikaenda kuwatia wenzangu. Zahanati ile ilinifungulia mlango kwa jina langu. Nimesalitiwa na watu wengi katika kazi hii, lakini sikuwahi kufikiri kwamba nitakuhesabu na wewe humo.

Naanza karatasi ya pili, kwa sababu lililobaki ni langu.

Masanduku manne niliyafungua kwa mkono wangu. Nilitoa skrubu moja moja, nikachomoa kazi yenu yote, na ndani ya kila moja nikaweka betri mbili za risasi, zile ndogo za pikipiki, nikafunga nikabandika karatasi upya. Namba nilizotuma kuanzia Aprili ni za betri zile. Hakuna gunzi ndani ya namba hizo. Mama yako alinishikia skrubu kwenye kisahani, na aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nilimwambia ninayo.

Ni kosa langu, na simsingizii mtu. Mimi ni fundi, na fundi hadanganyi mita. Sanduku pekee ambalo sikuligusa ni lile la zahanati, kwa sababu mkunga alikataa kunipa ufunguo. Kwa hiyo jaribio lenu la kweli ni lile moja mlilolifuta.

Nina swali moja, na nalitaka jibu lake. Betri ya risasi haishuki volti kama zenu. Zenu zinateremka kidogo kidogo tangu asubuhi, risasi inakaa palepale kisha inaanguka ghafla. Nilikufundisha hilo ukiwa na miaka kumi, umesimama juu ya kreti ufikie benchi. Uliposhika karatasi zangu za Aprili, hukuona?

Zuia kiwanda hicho. Waambie ukweli wote, wangu na wako. Hata sasa sijachelewa kuwa upande wako, lakini siwezi kuwa upande wako kwa uongo.

Mama yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Sasa ameenda kuanua nguo.

Mjomba wako


19 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wote ni wazima. Huku baridi imepungua. Nimepata barua yako na nimeisoma mara nyingi.

Sitakuficha, umeniumiza. Nilikuomba usifungue masanduku, na hilo lilikuwa ombi langu la kwanza kabisa. Miaka sita ya kazi yangu imesimama juu ya betri za pikipiki na mimi sina habari. Najua ulifanya kwa mapenzi, lakini ungekaa kwenye kiti changu ungeelewa ninavyojisikia. Niliamini karatasi zako kwa kuwa ni zako.

Mambo ya chanjo yananiuma pia. Mpe pole mkunga.

Nitakwenda kwa mkurugenzi mwenyewe na kueleza kila kitu. Nakuomba mambo mawili. Usizungumze na mtu yeyote wa kituo kabla sijamaliza kuzungumza nao mimi, na usiniandikie tena kuhusu jambo hili mpaka nikutaarifu. Barua zinapita mikono mingi. Niamini, nitalimaliza vizuri kwa sisi sote.

Msalimie Mama. Mwambie safari ya Septemba huenda ikasogea.

Mpwa wako


8 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekubali yote mawili, na hii si barua ya jambo lile, ni ya kukujulia hali tu.

Mama yako amerudisha kitanda chumbani. Kinyozi redio yake imeharibika na amejifanya hajali. Mimi masanduku manne nimeyarudisha karakana, yako juu ya rafu, na wenyewe nimewarudishia betri nzima za risasi.

Ni kweli nilikuumiza. Nimelifikiria, na naomba radhi kwa hilo bila kuweka lakini mbele yake. Nilipokuwa nakuandikia ile ya Juni nilikuwa na hasira, huenda nilikuonea katika swali lile. Kama hukuona, basi hukuona. Nimefarijika uliposema utakwenda kwa mkurugenzi kwa miguu yako. Huo ndio ukoo wetu.

Nakuamini.

Mjomba wako


14 Septemba

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo. Mimi sijambo. Nimeanza na hayo kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza.

Jana walikuja watu wawili wa kituo chenu, mwanamke wa ukaguzi na mwanamume wa sheria. Hawakuja kwa ubaya. Waliketi karakana, yule mwanamke akafungua faili akanionyesha karatasi, akaniuliza kama mwandiko ni wangu. Ulikuwa wangu. Ilianza na maneno haya: “Masanduku manne niliyafungua kwa mkono wangu.” Kuanzia mistari ya zahanati mpaka chini palikuwa pamekatwa kwa mkasi, vizuri, kwa kufuata mstari. Swali langu nalo lilikwenda na mkasi.

Nimeandika barua miaka yote, na kila karatasi naipa namba pembeni juu, kama ninavyozipa betri za wateja zisichanganyike. Pale juu palikuwa na mbili. Yule mwanamke alikuwa ameiona. Akaniuliza, “Moja iko wapi?” Nikamwambia anayo mpwa wangu. Akasema wewe umewaapia kwamba barua nzima ni ile, na kwamba mzee wako siku hizi kumbukumbu zimemchanganya.

Mambo ya masanduku ningekusamehe, hata tanuri, hata Machi. Lakini ulinisubirisha kwa maneno matamu, ukanifunga mdomo wiki nane, kumbe ulikuwa umekaa na mkasi. Nilikupa kosa langu mkononi kwa kuwa wewe ni mwanangu, ukaligeuza ngao. Na nilikuwa nimekuomba radhi. Hilo la mwisho linaniuma kuliko yote, kwamba nilikuomba radhi.

Wakanisomea uamuzi. Fundi wa mahali hapo alifungua masanduku tangu mwanzo kwa udadisi wake, hewa ikaingia, jaribio likaharibika. Betri zenyewe hazina lawama, na tanuri lilikuwa kali mno. Kwa hiyo jaribio linarudiwa pengine, chini yako wewe, kwenye zahanati arobaini. Masanduku arobaini yameshapakiwa. Yale yale. Mtaani habari imefika kabla yao. Jumamosi wateja watatu walikuja kuchukua betri zao hazijajaa, wakasema wana haraka.

Ningekuwa peke yangu kwenye jambo hili, nakuapia ningesema ndiyo, niliyafungua kwa udadisi, na nisingeeleza zaidi. Ningebeba. Nimeshakubebea mengine. Lakini niliwakumbuka wale akina mama ishirini na sita, nikawazidisha kwa arobaini, nikashindwa.

Nikaomba karatasi. Niliandika upya ile ya kwanza mbele yao, maneno kama ninavyoyakumbuka, pamoja na ile mistari iliyokatwa, na juu nikaweka namba moja. Mkunga alikuja na daftari lake, siku baada ya siku tangu Februari, na tarehe niliyompelekea lawama isiyo yake ameiandika pia. Wameipiga picha kila karatasi.

Yule mwanamume wa sheria akasema daftari linatosha kusimamisha magari, na akapiga simu pale pale, yamesimama. Ila kuhusu wewe, akasema, ni neno la fundi juu ya neno la mtafiti. Anahitaji mtu mwingine aliyeiona karatasi ya kwanza kabla haijatumwa. Nikamwambia hayupo.

Mama yako alikuwa mlangoni. Sikujua amesimama hapo tangu saa ngapi. Alikuwa amekuja kuniletea miwani niliyoisahau kwake. Aliingia, akaivaa hiyo hiyo miwani yangu, akasoma karatasi niliyoandika tangu juu mpaka chini, akarudia tena. Kisha akasema, “Niliisoma kabla haijafungwa. Ndivyo ilivyokuwa.” Akaomba kalamu.

Wamesema uamuzi juu yako utatoka mwezi huu, na hawakunificha utakuwaje. Mimi nimepigwa marufuku kupima chochote cha kituo, nimekubali, ni haki.

Walipoondoka, mama yako aliketi kwenye kile kiti kibovu. Aliniuliza kama watakuambia ni nani aliyetia saini, au wataficha jina. Nikamwambia jina wanaweza kulificha kama akitaka, bado hatujachelewa kuwaomba. Alifikiri sana. Mwishowe akaniambia hapana, nikuandikie mimi, usije ukamdhania mtu mwingine.

Ni yeye.

Mjomba wako